Maji au Majani

Mama alikuwa na wiki moja ya kulijua ziwa kwa kichwa, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, nikabaki nyumbani Pasiansi, kando ya ziwa, na ndoto yangu ya ualimu. Mwanafunzi nikampata humo humo ndani. Jioni, kabla baba hajarudi, nilimkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba.

"Kushoto kuna nini?"

"Kisiwa kidogo, kina miti mitatu."

"Katikati?"

"Maji matupu."

"Kulia?"

"Boti nyeupe ya kiwanda cha samaki. Imetia nanga."

"Vizuri sana. Kaa chini."

"Nimekaa, mwalimu," alisema, tukacheka mpaka mdogo wangu wa miaka mitano akaja kuuliza tunachekea nini.

Macho ya mama yalikuwa yanajifunga kidogo kidogo, kama mtu anayevuta pazia kutoka pembeni. Hospitali walisema ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone, wakamwambia itazuia yasizidi haraka, ila kilichokwisha kupotea hakirudi. Alikuwa fundi cherehani. Aliendelea kushona kwa kupapasa, hadi siku sindano ilipopita kwenye kidole chake.

Ndipo kaka yake mkubwa akaja kutoka kijijini kwao Misungwi na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha juani. Alisema anamchukua dada yake. Kule yupo mganga, wapo wake za kaka zake wa kumpikia, na hakuna mawe ya kumwangusha kama huku kwetu. Alisema kwa upendo, hilo lazima niliseme. Lakini mama alikuwa na shangazi yake aliyerudishwa nyumbani namna hiyo hiyo, miguu ilipomshinda, kwa miezi michache tu. Alizikwa huko huko. Hakuliona tena jiko lake.

"Nikienda sirudi," mama aliniambia. "Mtakuwa mnakuja kunisalimia kama wageni, na huyu mdogo atanisahau."

Baba alikuwa hasemi kitu. Tangu walipompunguza kazini kwenye kiwanda cha nguo na sauti yake nyumbani ilipungua. Siku hizo alikuwa kibarua wa boti ile nyeupe, iliyozunguka visiwani kukusanya sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tulikula mapanki, mifupa yenye kichwa na mkia.

Ni mama mwenyewe aliyetoa shauri. "Kaka, Jumapili ijayo tupande mlima huu wa nyuma, sote. Nikifika juu nikayaona maji, nabaki. Nisipoyaona, nafunga mzigo bila neno."

Mjomba alikuwa mzee wa baraza kijijini kwake, na maneno ya namna hiyo aliyapenda. "Maji," alisema. "Ukiyaona maji unabaki. Tumesikia wote." Akarudi kwake hadi Jumapili hiyo.

Ndiyo maana nikaanza shule yangu. Jumamosi mchana nilipanda peke yangu kuhakiki somo. Kila kitu kilikuwa mahali pake: kisiwa, maji, boti. Nilishuka nikiimba.

Usiku ule upepo uliyapigapiga mabati yetu mpaka alfajiri. Sikuujali. Asubuhi baada ya ibada tulifungasha mapanki ya kukaanga, michembe na dumu la maji, tukaanza kupanda. Mjomba alitangulia na fimbo yake, akafuata mama akiwa ameniwekea mkono begani, na baba nyuma kabisa na mdogo wangu mabegani.

Njia ya mlima ule hupita uani kwa watu, kisha nyumba zinaisha na mawe yanaanza, makubwa kuliko nyumba, yamebebana kama yalipangwa na mtu mwenye haraka. Ukishaingia katikati yao ziwa hulioni tena mpaka ufike juu. Mimi na mama tulikuwa na alama yetu: nikisema jua kali, mbele kuna ngazi.

"Jua kali leo," nilisema. Mama akainua mguu. "Jua kali kweli." Akainua tena.

"Mpwa wangu," mjomba alisema bila kugeuka, "jua hili unalisalimia kila hatua?"

"Shemeji, mwache mtoto," baba alisema kutoka nyuma akihema.

"Nyie wala samaki hamna miguu ya mlima. Ungekuwa umechunga ng'ombe hata siku mbili usingehema hivyo."

"Ng'ombe wako wamenona kwa sababu kazi yote ya kutembea unaifanya wewe."

Mama alicheka, na kwa muda mfupi tulikuwa tu familia inayotembea mlimani Jumapili. Pimbi walituchungulia kutoka kwenye nyufa. "Mama, umemuona pimbi?" mdogo wangu aliuliza. "Nimemuona, mnene kweli," mama alijibu. Alikuwa ameelekeza uso kwenye kichaka.

Juu kuna jiwe bapa tuliloliita Meza. Mjomba alifika wa kwanza, akasimama akilitazama ziwa. Mimi nilikuwa nimeinama naangalia nyayo za mama, kwa sababu ngazi ya mwisho ni mbaya, na nilitaka afike bila kujikwaa mbele ya kaka yake. Alifika. Akaachia bega langu, akaiweka sawa khanga yake, akaligeukia ziwa.

"Haya dada," mjomba alisema. "Sema."

Moyoni nilikuwa nasema: kushoto kisiwa, katikati maji, kulia boti.

"Majani," mama alisema.

Wiki nzima ya somo, na neno lenyewe moja tu. "Maji," nilisema haraka. "Amesema maji, mjomba."

"Nimesema majani," mama alirudia polepole. "Naona kijani. Kijani kitupu."

Ndipo nilipoinua macho. Ghuba yote ilikuwa imefunikwa. Magugu maji, yale tuliyozoea kuyaona mafungu mafungu ufukweni, upepo ulikuwa umeyasukuma kutoka huko yalikokuwa ukayajaza mote, kama mtu amelima ziwa na mazao yameota kwa usiku mmoja. Hapakuwa na maji hata ya kunawa mikono. Mama alikuwa ameona kilichokuwepo, na mwalimu wake ndiye aliyekosea.

Nilitaka kupiga kelele za furaha. Lakini mjomba aliuliza, kwa sauti ya chini, "Na kitu gani kingine, dada?"

"Basi. Majani tu."

Katikati ya kijani kile boti nyeupe ilikuwa imekwama, inang'aa kama ndege yangeyange, na watu wawili juu yake walikuwa wanasukuma magugu kwa miti mirefu bila kwenda popote. Baba aliangalia chini. Mjomba alinitazama, na nilijua anajua habari ya jua kali na yote mengine.

Alikaa kwenye jiwe, akaiweka fimbo magotini.

"Tulikubaliana maji," alisema. "Maji hayapo. Siwezi kusema ameyaona, siwezi kusema hajayaona. Magugu yakitoka mtaniita, tutapanda upya."

"Haya kaka," mama alisema.

Tulikula mapanki na michembe, na hakuna aliyetania mtu. Wakati wa kushuka mama alifika kwenye kivuli cha jiwe, akakiruka kwa uangalifu akidhani ni shimo. Mjomba alikuwa nyuma yake.

Kuanzia siku hiyo mji wote ulikuwa unaomba dua moja, na mimi nyingine. Boti hazikutoka. Baba alishinda mlangoni akinoa kisu ambacho hakikuwa na samaki wa kukata. Tulikula ugali kwa mchicha, halafu ugali kwa chumvi. Kanisani mzee aliyeongoza ibada alitutaka tusimame tumwombe Mungu ayaondoe magugu, na watu walilia, hata baba alilia. Nilisimama pembeni yake nikachezesha midomo kama wengine, ila moyoni nilikuwa nasema: yaache, Baba, yaache hata mwaka mzima. Nilimsikia baba akimeza machozi na sikubadilisha ombi langu.

Nilishuka ufukweni kila asubuhi. Mafungu mengine yalikuwa yakijitenga pembeni, yanaanza safari yao taratibu. Niliingia mpaka magotini nikayavuta kwa ufito kuyarudisha. Akina mama waliokuja kutafuta pa kuchota maji waliniona.

"Wewe binti, unayavuta au unayasukuma?"

"Nayatoa, mama."

"Unayatoa kuja huku?"

Nilikimbia.

Siku moja nilimletea mama ua la gugu lile, maana maua yake ni mazuri, ya zambarau laini yenye jicho la njano. Alilisogeza karibu kabisa na uso, akaligeuza huku na huku.

"Jeupe zuri," alisema.

"Ndiyo, mama. Jeupe."

Asubuhi moja ya wiki ya tatu niliamka na kukuta mkeka wa baba mtupu. Huko chini watu walikuwa wanaitana, mashine za boti zinawashwa moja baada ya nyingine. Nilitoka nje. Ziwa lilikuwa bluu kutoka mawe ya kwetu hadi mwisho wa macho, safi kama limefuliwa.

Mama alikuwa amesimama ukutani, uso wake umeelekea huko.

"Yametoka," alisema.

"Bado yapo yapo, mama."

"Nasikia mawimbi yanapiga mawe, mwanangu. Baba yako amepita kwa dereva wa basi la Misungwi kumpa ujumbe kwa mjomba wako. Nilimtuma mimi. Kesho atakuwa hapa."

Nilivuta kamasi. Alipapasa ukuta mpaka akakipata kigoda, akakaa, akaweka mikono mapajani kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Usilie. Nifundishe tena. Anza kushoto."

"Kushoto kisiwa," nilisema, "kina miti mitatu. Katikati maji." Nikatazama kulia. Boti zilikuwa zinaondoka zote, nyeupe ikiwa mbele na baba ndani yake, na sikujua hata moja ingekuwa wapi kesho tukipanda.

"Kulia?" mama aliuliza.