Vitenge Chini ya Kitanda

Suti niliyoazima kwa ajili ya usaili inanuka vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo wasile nguo. Nimeinusa mara nyingi mno, nikiwaza kama wasaili nao wataisikia harufu hiyo, na sasa nimekuwa mtoto tena katika fleti yetu ya Kilburn, huku ughaibuni, kifua kinapiga filimbi.

Mama alilaumu baridi. Mama mdogo alipokuja kutusalimu, aliinama akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda changu, akalifungua. Vidonge vilibingirika sakafuni.

"Yaya," alimwita mama, kwa kuwa ni dada yake mkubwa, "mutoto unamulalisha juu ya dawa hii? Si ndiyo inamuziba pumzi!"

"Nikivitupa, nondo watakula vitenge vyangu. Ni hivyo tu nilivyotoka navyo kwetu."

"Basi nao wavae, wapendeze!"

Mama alinitazama nikivuta inhela yangu ya pumu. Kisha akabeba sanduku mwenyewe.

Walitandaza vitenge vyote kwenye reli ya roshani: ndege, samaki, majani mekundu, macho makubwa ya njano. Sikujua kwamba nilikuwa nikilala juu ya rangi zote zile. Chini, watu walisimama wakatazama juu. Upepo ukavijaza vitenge, nikaona kama jengo zima linavuta pumzi.

Jioni mama aliniwekea sikio mgongoni kuisikiliza ile filimbi, akamnyamazisha mdogo wake kwa mkono.

"Unasikia nini, yaya?"

"Hakuna," mama alinong'ona. "Hakuna kitu." Na sikio lake hakuliondoa.