Mnaosema serikali haijafanya kitu: nilivyojenga tegesha juu ya njia ya bomba la zahanati

Wakuu, habari za huko mliko. Wenye umri wangu nawasalimu. Vijana, naitikia marahaba kabla hamjanipa shikamoo.

Kuna uzi hapa jukwaani watu wanasema serikali haijamfanyia mtumishi wala mwananchi wa kijijini chochote. Nimeusoma wote. Mimi si chawa wa mtu na kadi ya chama sina. Ninayoandika niliyaona, na mabaya yake niliyafanya kwa mikono yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Naishi upande wa Segese, huku Msalala. Niliishia kidato cha nne, nikachimba dhahabu kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, mpaka kifua kikagoma. Sasa nalima mpunga.

Zahanati yetu ilikaa muda mrefu bila nesi wa kudumu. Wakija wanaondoka. Maji yalikuwa ya lambo, tunagawana na ng'ombe, na mama anayekwenda kujifungua anabebewa ndoo yake.

Kisha serikali ikamleta Rehema, binti wa Ngokolo, ikamjengea nyumba ya mtumishi pembeni mwa zahanati. Bati la rangi, vigae chini. Nikawaambia wenzangu, serikali haitoi nyumba kama hii bure, kuna kitu hapo.

Ndipo vikaja vigingi.

Vijana wenye vipimo walishuka kwenye gari la serikali, wakapigilia vigingi vyekundu kutoka barabarani, vikakata kiwanja changu na vya majirani mpaka zahanati. Nilipouliza wakasema ni njia ya bomba la maji. Nikacheka kimoyomoyo.

Kwa msiokaa huku: ukanda huu kigingi kikipigiliwa, watu wanaamini chini kuna dhahabu na fidia iko njiani. Basi unajenga harakaharaka, tofali za udongo, bila msingi, alimradi mthamini akija akute nyumba. Tunaita tegesha.

Nikategesha. Vyumba viwili juu ya vigingi kabisa, na miche ya mipapai mbele. Majirani wakaniuliza, nikawaambia hayo maji ni geresha. Nao wakajenga. Mstari wote ukajaa.

Mafundi waliporudi na mabomba walikuta kijiji kipya. Injinia hakufoka. Alisema fedha za mradi ni za maji, hakuna fungu la kulipia nyumba zisizokaliwa na mtu, na wakikosa njia mabomba yatakwenda kijiji kingine kinachosubiri. Wakayaacha nyuma ya zahanati, wakaondoka.

Mimi nikaona nimeshinda. Wangekuwa wakweli, wangekimbia?

Mtu mwenye shaka hakosi ushahidi, wakuu. Ofisa akija, unasema anatafuta kitu. Akiondoka, unasema umemgundua.

Aliyenishtua ni mke wangu, Mama Kulwa. Alirudi kutoka kliniki na mjukuu, akasema Rehema anaomba uhamisho, amechoka na maji ya lambo. Nikamjibu hiyo ni mbinu ya kututisha tubomoe.

Akaniangalia. "Baba Kulwa, wewe hata mvua ikinyesha utauliza nani kaituma."

Nikaenda mwenyewe. Sikwenda kwa kujuta, nilikwenda kupeleleza. Nikamkuta Rehema anachuja maji ya lambo kwa kitambaa, ayachemshe, amwogeshe mama aliyejifungua asubuhi ile. Nikamuuliza mshahara wake unatoka wapi, nikitegemea atataja mgodi. Akasema serikalini, haujawahi kuchelewa hata mwezi mmoja, na daraja amepandishwa. Nikauliza vitanda, nikauliza dawa. Akajibu yote kwa adabu, kisha akaweka ndoo chini.

"Babu, mimi niliahidiwa nyumba na maji. Nyumba hii hapa. Maji yamefika mpaka kwenye tegesha yako."

Afadhali angenitukana.

Nikazunguka nyuma kuyatazama mabomba. Meusi, yamejiviringisha kama chatu. Nikajaribu kuyatilia shaka, nikakosa pa kuanzia.

Nikabomoa. Nilidhani wenzangu watanifuata kama walivyonifuata kujenga. Mhoja, jirani yangu, akaja kusimama karibu na nyundo yangu, akauliza watu wakisikia, "Wamekupa ngapi, mzee? Usile peke yako."

Nikaapa sijapewa kitu.

"Ndivyo anavyosema aliyepewa," akasema, na watu wakacheka.

Nikaendelea kubomoa. Akili ile niliwapa mimi. Hakuna mwingine aliyebomoa.

Nikapanda gari hadi Kahama, nikamwomba injinia apindishe njia, bomba lipite nyuma, lote ndani ya majaruba yangu ya mpunga, fidia sitaki. Alinitazama kwa mashaka, na alikuwa na haki. Akataka niliseme jambo hilo mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nikalisema. Upimaji ukaanza upya, nao ukachukua muda wake.

Muda huohuo uhamisho wa Rehema ukatoka. Nilimbebea godoro mpaka barabarani, yeye ana mtoto wake mgongoni. Akasema, "Asante, babu," akapanda gari.

Maji yalifika zahanati baada yake. Hakuna tena mama anayebebewa ndoo. Serikali imeleta nesi mwingine, kijana wa kiume, mchapakazi, anakaa nyumba ileile. Lakini baadhi ya wanawake wetu wanamwonea haya na wanajifungulia nyumbani, akiwemo mkwe wa Mhoja. Kila nikisikia hivyo natazama chini.

Sisemi serikali haina mapungufu. Kuna wakati dawa zinakwisha, na barabara yetu masika haipitiki. Liandikeni hilo. Ila kijijini kwetu ilileta mtumishi, ikamlipa, ikampandisha daraja, ikamjengea, ikamletea bomba. Aliyemwondoa ni mimi.

Nilichojifunza: shaka si kosa, na mimi bado ninayo. Kosa ni kuisambaza kwa majirani kabla hujaenda kuuliza, maana ikishaota kwao huwezi kuing'oa.

Karibuni kwenye komenti. Kama kwenu kuna mradi uliokwama, semeni nani aliukwamisha, na msianze na waziri. Anzeni na mtaa wenu. Wa kunitukana nao waje, nitawasoma.