Fundi Sikio na Mlango wa Oveni

Mtaani kwao ukiuliza fundi wa mashine za jikoni, watu watakuna vichwa. Uliza Fundi Sikio, na hata mtoto aliyetumwa sukari atakushika mkono akufikishe mlangoni.

Jina hilo alilipata kihalali. Mafundi wengine wakiitwa kwenye mashine mbovu huanza na bisibisi. Yeye alianza kwa kuvua kofia, akainama na kuegesha sikio kwenye bati, akatulia hivyo mpaka mwenye mashine akaona haya hata kupumua. Kisha angenyanyuka na kusema, “Feni inagusa waya,” au “Springi imechoka.” Wakifungua, wanakuta ndivyo. “Sikiliza kwanza, ufungue baadaye,” ndiyo kauli aliyowalea nayo wanawe. Taa na vipimo hakuviamini hata kidogo. Alisema taa ni mmbeya, itakwambia lolote, bali chuma hakijui kusema uongo.

Basi masikio yakaanza kumtoka. Hayakuondoka kwa kishindo, yalinyapa kama mgeni asiyetaka kuaga. Kwanza alidhani birika la nyumbani limeharibika, maana lilichemka bila kupiga mluzi. Kisha akalalamika kwamba watu wa siku hizi wanaongea wakiwa wamefumba midomo. Hatimaye akazoea kuitikia kila kitu kwa “naam”, na kwa njia hiyo, kwenye mkutano wa wakazi, akajikuta amekubali kuwa mwenyekiti wa kamati ya kuzibua mitaro. Alizibua mitaro. Hakumwambia mtu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye alijitetea moyoni kwamba kifo na masikio wapi na wapi. Alichoogopa ni kingine. Aliogopa siku ambayo mtu angesema, “Msimwite yule mzee, hasikii tena,” naye abaki kibarazani na kisanduku chake cha vifaa, akisalimiwa kwa huruma. Vijana walipovunja vifaa vyao aliwatuliza kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo lake mwenyewe lilipovunjika, methali hiyo haikumpitia hata akilini. Mkewe aliyezungumza naye bila kujibiwa alinuna, akimwona ameingiwa na dharau uzeeni, na mzee akaiacha dhana hiyo isimame. Aliona heri aitwe mwenye dharau kuliko kuitwa kiziwi.

Asubuhi moja mkewe alikuja kusimama mbele yake, simu mkononi, mkono mwingine kiunoni.

“Binti yako anakuita. Mlango wa oveni haufungi, na leo ana keki ya harusi. Au na yeye humjibu siku hizi?”

Mzee aliisoma midomo hiyo neno kwa neno. Akabeba kisanduku chake, akatoka.

Bintiye, kitinda mimba wake, alikuwa na duka dogo la keki, na chumba cha kuokea kilikuwa nyuma yake, kimejaa joto na harufu ya vanila. Alimkuta ana unga mpaka kwenye nyusi. Mabakuli ya keki yalikuwa tayari mezani, mayai yameshapigwa, na mayai yaliyopigwa hayamngoji mtu. Yakichelewa, keki inatoka kama kandambili.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama. Mgonjwa anaumwa wapi?”

“Nikiusukuma mlango unarudi. Na usiposhika kabisa, oveni haiwaki.”

Mzee aliitikia kwa kichwa kama aliyesikia yote. Alipiga magoti, akavua kofia na kuegesha sikio kwa mazoea tu, kisha akaufungua mlango na kuufunga. Ulikuwa mlango mzito unaofunguka kwa pembeni, wenye kitasa ambacho ulimi wake huingia kwenye tundu la fremu. Ndani ya tundu hilo kuna swichi. Ulimi ukiibonyeza, oveni inajua kwamba mlango umefungwa, na taa nyekundu juu kabisa inawaka. Usipoibonyeza, oveni inagoma.

Alichovya kidole kwenye mafuta, akakitia unga, akapaka ule ulimi, kisha akausukuma mlango mara moja na kuufungua. Alama nyeupe ilionekana kwenye fremu, chini kidogo ya tundu. Ulimi ulikuwa unagonga chuma kitupu. Mzee akamgeukia bintiye.

“Nani anauning'inia mlango huu?”

Binti alitazama dari. “Nikichoka naegemea. Kidogo tu.”

“Kidogo chako kimeushusha. Nyonga umechukua za mama yako, mwanangu, na bawaba hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya ukoo wetu.”

Binti alicheka mpaka akashika meza. Mzee alifurahi kumwona anacheka, akauinua mlango kwa bega, akakaza nati za bawaba, akakwangua sukari iliyoungulia kwenye ulimi, na kuufunga tena.

Mlango ulishika. Ulilia “ka” moja safi kabisa, na juu ya kichwa chake taa nyekundu ikawaka. Kazi ilikuwa imekwisha hapo hapo. Lakini Fundi Sikio alikuwa ameinama, sikio kwenye kitasa, macho ameyafumba akingoja huo mlio, na mlio haukumfikia.

Akafungua. Akatoa springi, akaivuta, akairudisha. Akafunga. “Ka.” Taa ikawaka. Hakusikia kitu. Jasho lilianza kumtoka, na halikuwa la joto la chumba. Alijiambia kwamba ubovu umejificha mahali, kwa kuwa jibu lingine hakuwa tayari kulipokea. Akapekua kisanduku, akatoa tupa ili auchonge ulimi.

“Baba, mbona imeshafunga?” binti alisema nyuma yake.

Mzee hakugeuka.

“Baba, acha. Inatosha.”

Tupa ikaegeshwa kwenye chuma. Ulimi wa kitasa ukichongwa zaidi ya kiasi haurudishiki, na keki ile isingepata mahali pengine pa kuivia siku hiyo. Binti alikimbilia mbele, kiwiko chake kikagonga sufuria, na sufuria na mfuniko wake vikaanguka sakafuni kwa kelele ambayo ilimshtua hadi mwenye duka la jirani. Baba yake hakupepesa jicho.

Hapo binti alielewa. Simu zisizopokelewa, mama aliyenuna, mitaro. Moyo ulimuuma, akaona haya pia, kwamba mtu aliyemfundisha kusikiliza alikuwa amepotewa na kusikia na yeye asitambue.

Aliushika mkono wenye tupa, akaiweka tupa chini. Kisha akakichukua kiganja cha baba yake, akakibandika ubavuni mwa mlango, na kuufunga kwa mkono wake mwingine.

Mzee aliuhisi. Teke dogo lilipita kwenye bati, likamfika kwenye kifundo cha mkono. Binti akafungua na kufunga tena, na teke likarudi pale pale. Mzee akamkumbuka binti huyu alipokuwa mtoto mdogo anayeumwa masikio, yamezibwa pamba, analia kwamba hasikii friji kama ndugu zake. Alikuwa amemwekea kiganja kwenye friji namna hii hii, akamwambia, “Basi sikiliza kwa mkono.”

Aliinua macho, akaiona taa inawaka.

“Sisikii, mwanangu,” aliuambia mlango. “Muda mrefu sasa.”

“Najua, baba,” binti alisema nyuma yake.

Mzee alibaki ameinama, akingoja jibu, na alipoona haliji mabega yakamshuka. Binti akazunguka, akachuchumaa mbele yake, akangoja mpaka macho yao yakutane. Kisha akarudia taratibu.

“Najua, baba. Sasa sogea keki iingie. Na kesho uje tena, ile mashine ya kukandia unga inatetemeka, sijui ina nini. Uje na hicho kiganja.”

Mzee alijifuta uso kwa kofia. Alikaa kando ya oveni mpaka keki ikaiva, kiganja ubavuni mwa mlango, ingawa mlango haukuhitaji kushikwa.

“Mama anajua?” binti alimuuliza akiwa amemkabili.

“Mama yako anadhani nina dharau.”

“Leo utamwambia. La sivyo namwambia mimi, nimtajie na habari ya zile nyonga.”

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo, uso umegeukia ukuta. Alizunguka kitanda, akasimama anapoweza kuiona midomo yake, akasema kwa mkato, kabla ujasiri haujamwisha. Mkewe akaacha kukunja. Alimtazama sana, machozi yakamlengalenga.

“Kwa hiyo yote niliyokuwa nakwambia, hukuyasikia?”

“Hata moja.”

Mkewe alisukuma nguo pembeni, akavuta kiti karibu mpaka magoti yao yakagusana, akakishika kidevu cha mumewe na kukielekeza kwake.

“Basi kaa,” akasema. “Naanza upya.”