Nyama ya Ijumaa

Ni Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo Wakatoliki hawali nyama, na jua halijachomoza. Gari la mchinjaji linarudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa jiko la shule. Mpishi mkuu, ambaye wanafunzi humwita Mama Mwiko, anapokea nyama, anaifungia kwenye friza, kisha anainjika maharage.

Ratiba ya serikali iliyobandikwa ukutani inasema Ijumaa ni nyama. Hii ni mara ya tatu anaikaidi, na alishaonywa kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho.

"Shule hii imejengwa na masista," anasema akikoroga. "Huingii nyumba ya watu ukahamisha mafiga."

Serikali iliitaifisha yeye akiwa mwanafunzi hapo hapo. Masista wakafungasha, parokia ikaenda mahakamani. Baada ya miaka ya kuvutana, wakapatana: serikali iajiri na isimamie masomo, parokia ibaki na kanisa na kiwanja cha jirani. Jiko halikutajwa na mtu.

"Wazee wale walibishana miaka yote, na kila siku walikula," anacheka. "Hakuna aliyeuliza chakula kinatoka wapi."

Mwalimu mkuu anaingia. Si mtu wa shari.

"Mama, nusu ya watoto hawa si Wakatoliki."

"Maharage hayana dini, mwanangu."

"Na nyama je?"

"Wataila kesho."

"Wa bweni, sawa. Wa kutwa kesho hawapo. Kuna wanaoionja nyama hapa tu."

Mwiko unasimama. Mama huyu amelea watoto wanne peke yake kwa mshahara wa jiko hili. Anajua mtoto anayehesabu siku za nyama anafananaje.

"Hapo umenishika," anasema. "Lakini nyama Ijumaa sipiki."

Jumatatu anatakiwa kujieleza ofisi ya elimu. Dada yake anamsihi apige magoti: mkono usioweza kuukata, ubusu. Yeye haoni mkono wa kuubusu. Atakwenda na ombi moja tu, kwamba nyama ihamie Alhamisi, mwaka mzima, na watoto wote waile.

"Msamaha siombi," anasema, akifunika sufuria. "Wakinifukuza, kiwanja cha ng'ambo ya uzio ni cha parokia. Nitawasha moto pale, Alhamisi nipike nyama. Tuone foleni itapangwa upande gani."