Dawa Iliyodumaza Nyasi Ikamtoa Kaka Kazini

Umande umekauka, upepo bado umelala. Dada mmoja mwembamba anatembea kwenye uwanja wa gofu na bomba mgongoni, mkono mmoja unapampu, mwingine unaelekeza mpira wa kupulizia. Anapopita, nyasi zinabaki na rangi ya bluu. Viganja vyake pia bluu. Kucha ndiyo usiseme!

"Rangi inanionyesha nilipopita, nisirudie," anasema. "Ukirudia, nyasi zinageuka njano, na wewe unageuka mtafuta kazi."

Wenzake wanamwita Buluu. Na jamani, anachopuliza si dawa ya wadudu wala mbolea! Ni dawa ya kudumaza nyasi. Haiziui, inazituliza tu zisirefuke, nguvu zishuke kwenye mizizi, chini pasongamane kama zulia. Nilidhani ananitania.

Ilipoletwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyewapelekea habari wakata nyasi. Walikuwa sita, kutwa nyuma ya mashine. Mmoja wao ni kaka yake wa tumbo moja, aliyemwingiza kazini akamfundisha kusukuma mashine bila kupinda.

"Nilikwenda mbio na vigelegele," anakumbuka. "Nikawaambia tutakata nusu ya tunavyokata sasa, migongo yetu imepona! Kaka akasema, 'Mdogo wangu, leo umeleta neno.'"

Migongo ilipona kweli. Wanne waliambiwa wakaipumzishe nyumbani moja kwa moja, kaka akiwa wa kwanza. Hivi hii ni haki? Dawa inapunguza kazi, faida yote inakwenda ofisini, anayepunguzwa ni mtu!

Buluu, kaka na mama yao wanaishi nyumba moja. Nilikuwepo juzi jioni alipoingia. Kaka hakuinua hata macho.

"Dawa imefika," akasema.

"Shikamoo, kaka."

"Mimi tena? Kaisalimie mizizi."

Mama akaingilia: "Wewe, acha maneno. Na wewe, mikono hiyo kaoshe, isije ikatudumaza na sisi."

Nilitaka kucheka, kumbe Buluu machozi yanamlengalenga. Miezi mitatu sasa anasemeshwa hivyo na mtu aliyemlea.

Alishakwenda kwa meneja kuomba wanne warudi, wote wagawane zamu. Jibu? "Mimi nasimamia nyasi. Nyasi hazina kaka." Nimeliandika kama lilivyo, maana nikilimeza litanikaba!

Sasa sikieni. Dawa hii haikai milele. Baada ya wiki nne hivi inaisha nguvu, na isipopulizwa tena, nyasi zilizobanwa zinafumuka kwa hasira kuliko hata zile ambazo hazikupuliziwa. Buluu na wakata nyasi wawili waliobaki wamekubaliana, na meneja ameambiwa: wenzao wasiporudi kabla ya hapo, hakuna atakayegusa bomba wala mashine.

"Na wakikufukuza?" namuuliza.

Anashusha bomba, anapangusa jasho, paji la uso linabaki bluu.

"Basi tutakaa nyumbani wawili. Ila habari ya kwanza niliwapelekea mimi, na hii nimempelekea kaka mwenyewe, jana usiku. Nikamwambia, ninayopuliza kesho ndiyo ya mwisho mpaka mrudi."

Akasemaje?

"Kwanza aliinua macho, akanitazama." Buluu anaziangalia kucha zake, anacheka. "Halafu akasema, 'Mdogo wangu, kaoshe mikono tule.'"