Pumzi ya Mama na Mafiga Matatu

Siku niliyorudi kutoka ng'ambo, mama alipotaka kunisalimu sentensi ilimkatikia njiani. "Umekonda," alisema, akanyamaza, akavuta hewa kwa mabega, ndipo akamalizia, "mwanangu." Wanawake waliojaa chumbani walidhani furaha imemkaba koo, wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nikitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba hadi juu ya vifundo, na nilipojifanya kumpangusa tope, kidole changu kiliacha shimo lililokataa kujaa.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika nyumba yetu nje ya mji wa Eldoret, upande wa Yamumbi. Julai huko juu ng'ombe hutoa mvuke puani hata jua likiwa limepanda. Baba alikuwa mwashi. Walowezi kadhaa wa upande wa Soy walikuwa wakiota moto wao chini ya dohani za mawe alizowajengea yeye, na alijivunia kwamba hakuna hata moja iliyowahi kurudisha moshi sebuleni. Nyumba yake mwenyewe aliijenga kwa udongo, kwenye kipande cha ardhi alichoruhusiwa na mwajiri wake, akaiezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Dohani hakuiwekea. Dohani, alisema, ni ya mtu mwenye kuni za kutupa, maana joto lote hupanda juu kuwapasha ndege.

Nyumba ya nyasi tuliyozaliwa ndani yake ilikuwa ikipumua. Asubuhi ungeona moshi ukitoka taratibu katika paa zima, kama jasho kwenye mgongo wa mtu. Madebe hayapumui. Mwanzoni ulikuwapo mwanya kati ya ukuta na paa, na moshi ulijitafutia njia hapo. Kisha mama akaanza kukohoa, na baba, aliyeamini kama kila mtu kwamba kifua huletwa na baridi, akauziba mwanya kwa tope. Kikohozi kilipozidi, alibandika magazeti juu ya tope. Kikazidi tena, akatundika blanketi mlangoni. Yote aliyafanya kwa upendo, na hilo ndilo lililofanya ulimi wangu uwe mzito.

Sina budi kueleza kwa usahihi nilichokijua na nisichokijua, kwa sababu tofauti hiyo ilinitesa kuliko kitu kingine chochote. Sikuwa daktari. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na utafiti wangu ulihusu namna damu inavyopita katika mapafu. Katika mji wa makaa ya mawe nilikosomea, majira fulani ya baridi, ukungu na moshi vilishikana vikalala juu ya mji kama kifuniko juu ya sufuria. Watu wenye vifua dhaifu walianza kuletwa hospitalini, midomo yao imegeuka rangi ya buluu. Nilipelekwa kusaidia katika chumba cha maiti. Humo nilishika mapafu yenye madoa meusi kama sakafu ya karakana ya mhunzi, na mioyo ambayo upande wake wa kulia ulikuwa umetanuka na kunenepa, kwa kuwa kwa miaka mingi ulilazimika kusukuma damu katika mapafu yaliyoharibika. Moyo ukishindwa na kazi hiyo, maji hushuka miguuni. Tangu wakati huo, kila nilipofungua mlango wa chumba chenye moshi, nilitazama kwanza midomo na miguu ya waliomo. Sasa nilikuwa nimeufungua mlango wa mama.

Hata hivyo, je, nilikuwa na haki ya kuvuka kutoka moshi ule hadi huu? Ule ulikuwa wa makaa ya mawe; huu ulikuwa wa kuni mbichi za miti ya miwati. Huenda mama alikuwa na kifua kikuu. Huenda moyo wenyewe ulianza, na mapafu yakafuata. Dresa wa zahanati, msaidizi wa tiba asiye daktari, alikuwa amempa dawa ya maji, akasema ni kifua, na neno hilo lilitosha kubeba magonjwa yote ninayoyajua na mengine nisiyoyajua. Nilipanga sababu na kuzipangua hadi nikamfuata baba pale alipokuwa akikoroga udongo.

"Baba, ule moto unamuumiza."

"Moto ndio umemweka hai. Wewe umemkuta hai, ama hukumkuta?"

"Ni moshi, Baba. Tukitoboa pale juu kidogo tu..."

"Baridi iingie." Hakuinua macho. "Halafu akifa utaniambia hiyo ilikuwa baridi ya kisasa."

Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Huenda na kuni. Akina mama wa kanisa walikuja kila siku, kila mmoja na mzigo kichwani, fito za miwati zilizochunwa magome katika mashamba ya jirani, zikiwa bado na maji. Kila mmoja aliingiza ukuni wake motoni kwa mkono wake kabla ya kupiga magoti kumwombea, na alichokiweka mmoja hakiondolewi na mwingine. Kadiri mama alivyopendwa, ndivyo chumba kilivyozidi kuwa cheusi. Juu ya moto yalining'inia mahindi yake ya mbegu, yamepakwa masizi yasiliwe na wadudu, na chini yake alilala yeye, akipokea moshi uleule. Siku moja niliondoa kijinga kimoja kilichokuwa kikifuka. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Kuni zangu zina kosa gani?" Nikakirudisha.

Njia iliyobaki ilikuwa kuhamisha moto wenyewe utoke nje, na hapo ndipo nilipokwama kabisa. Mafiga ya mama yalikuwa matatu, na yalipangwa na marehemu nyanya, mama yake baba, siku mama alipokabidhiwa jiko lake. Mwanamume hayagusi. Mtoto wa kiume ndiye asiyeyagusa kabisa, kwa maana mafiga hung'olewa nyumba inapofungwa, na mtoto anayeng'oa mafiga ya mama yake amemzika kabla ya siku yake. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kuicheka imani hiyo, nami sikuicheka. Nilipoinama tu karibu na jiko, mama alifungua macho.

"Mikono nyuma," alisema. Ndivyo alivyoniambia tangu nilipoanza kutambaa.

Waliokuwa na ruhusa ya kuyagusa walikuwa wawili: mama mwenyewe, ambaye hakuweza kusimama bila kushikwa, na shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa badala ya nyanya katika mambo ya nyumba. Alikuwa mchuuzi wa soko la Soy, na sauti yake ilikuwa ya sokoni. Aliingia akiwa na kuni zake, akanipima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Huyu ndiye daktari?"

"Mimi si daktari, Shangazi."

"Basi miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa nasoma mapafu."

"Mapafu ya nani?"

Ningeweza kujibu kwa busara. Badala yake nilijibu kwa usahihi. "Ya panya, mara nyingi. Na ya watu waliokwisha kufa."

Shangazi aliwageukia wanawake. "Mnasikia? Huyu wetu bado ana pumzi. Daktari, ngojea kidogo, zamu yako haijafika!"

Chumba kizima kilicheka. Mama naye alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kumwachia. Alikaa akishika kingo za kitanda, shingo imesimama mishipa, na nikaiona midomo yake ikichukua ile rangi niliyoiacha ng'ambo katika chumba cha maiti. Baba alisimama mlangoni, blanketi likiwa begani mwake. Mwanamke mmoja, kwa nia njema, akasukuma kuni ndani zaidi ya moto ili mgonjwa apate joto.

Pumzi iliporudi, hakuna aliyecheka tena. Maelezo yote yalikuwa kinywani mwangu: vifuko vidogo vya hewa, mishipa, upande wa kulia wa moyo. Niliyaacha yote. "Shangazi," nilisema, "kesho jua likitoka, maombi yafanyikie nje. Ni hilo tu ninaloliomba."

"Na akipigwa na baridi?"

"Tutamfunika."

"Na akifia uani?"

Nilijua kwamba akifia uani, hakuna mtu katika ukoo wetu angesema ni moyo. Wangesema ni yule aliyesoma, na mimi mwenyewe singeweza kuthibitisha kwamba wanakosea.

Asubuhi ilitoka safi, ingawa mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Sugoi. Mimi na baba tulimbeba mama juu ya kiti, tukamweka kwenye ukuta unaopata jua, amevikwa kila kitambaa kilichokuwamo nyumbani. Maombi yalianza. Zamani mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Kwa wiki kadhaa, humo ndani, alikuwa akisogeza midomo tu. Najua kwamba mapafu hayaponi kwa asubuhi moja. Najua pia kwamba katika moshi mna sumu inayokalia nafasi ya hewa ndani ya damu, na kwamba sumu hiyo huanza kuondoka mtu atokapo penye hewa safi. Nilisimama nyuma ya kiti, nikitazama mawingu, nikitazama mabega yake.

Waliomba kwa muda mrefu. Katika wimbo wa mwisho sauti nyembamba ilijitokeza chini ya nyingine, ikafika mwisho wa mstari bila kukatika. Shangazi aliacha kuimba.

"Rudia," alisema.

Mama akarudia. Mstari ukaisha, pumzi ikabaki.

Shangazi alisimama, akafunga leso kiunoni, akaingia ndani bila kumwangalia mtu. Tulisikia jiwe likikwaruza sakafu. Figa la kwanza lilitoka likiviringika, jeusi upande mmoja, kisha la pili. La tatu, lile la ukutani, halikutoka.

"Mulamwa," alimwita mama kutoka ndani, kama mawifi wa kwetu wanavyoitana, "nimezeeka. Hili limeota mizizi."

Mama akatafuta sakafu kwa miguu yake iliyovimba. Nilisogea kumzuia, maana moyo wa namna ile haupaswi kuinama, sembuse kusukuma jiwe. "Mikono nyuma," alisema, na safari hii alikuwa akituambia mimi na baba kwa pamoja. Tukasimama, mwashi na msomi, mikono nyuma, tukiwatazama wanawake wawili wasio na nguvu wakilibingirisha jiwe ambalo yeyote kati yetu angelinyanyua peke yake. Kwenye kizingiti mama alisimama. Nilianza kuhesabu mapigo yaliyoonekana shingoni mwake, nikapotelewa na hesabu, nikaanza upya, nikapotelewa tena. Shangazi hakumwambia asukume. Alingoja naye, mkono mgongoni mwake. Ndipo jiwe likavuka.

Mama aliketi juu yake pale pale uani. Alipopata sauti alimwambia baba, "Mzee, nijengee paa hapa kabla mvua haijafika. Kuta sitaki."

Baba alikwenda kutafuta nguzo.

Mama hakupona kabisa. Uvimbe ulipungua taratibu, na hakuimba tena zaidi ya ubeti mmoja, lakini aliishi hadi akashika watoto wangu mikononi. Kama ni moshi uliokuwa ukimwua, au kama ni jua, au dawa ya dresa iliyokawia, bado naupanga na kuupangua ushahidi. Ninachokikumbuka bila shaka ni jioni ile. Mvua ilipita upande mwingine. Akina mama walikuja na kuni zao mbichi, kila mmoja akaweka ukuni wake kati ya mafiga, na moshi ukawa mzito kama kawaida. Kisha upepo ukageuka. Mama aliutazama moshi ukimjia, akashika kigoda chake, akahamia upande wa pili wa moto.