Fuksia Zilizolala Gerejini Guildford

Niliua fuksia kumi na moja kwa kuzihurumia. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kwenye kitalu cha maua Quakers Hill, huku ughaibuni kusini mwa dunia, korona ndiyo kwanza imeingia, na mimi mtoto wa Tanga sikujua kwamba maua nayo hulala msimu mzima. Niliposikia sakitu inakuja, yaani umande unaoganda na kuunguza majani, nilizihamishia ofisini karibu na hita, nikawa nazimwagilia kutwa mara mbili. Majani yakapukutika, nikaongeza maji. Kazi nilijifunzia kwenye video za simu, nikaandika kila kitu daftarini kwa kalamu za rangi tatu. Mizizi ikaoza vilevile.

Msimamizi wetu, Mkongo wa Bukavu, alichomoa mmea mmoja akaunusa.

"Petit, mudogo wangu, huyu hakukufa na baridi. Ni weye umemuzamisha."

"Alikuwa na kiu, Papa."

"Kiu? Mutu akilala, unamumwangia maji mu kinywa?"

Akanifundisha upya. Pogoa matawi, bakiza theluthi. Chuma majani yote, maana inzi weupe hujificha humo. Weka mahali pa baridi pasipoganda, penye giza kidogo. Maji kikombe kimoja kila wiki tatu. Ukitaka kujua kama mmea u hai, kwaruza gome kwa ukucha: kijani, u hai, kahawia, kwaheri. Niliona aibu. Mtu kama mimi, anayepanga vyungu kwa rula, atajivunia vijiti vitupu?

Mwaka wa pili korona ikatufungia katikati ya baridi. Wateja marufuku, Meneja anatuongoza kwa simu kutoka kwake. Akaviona kwenye kamera vijiti arobaini nilivyovilaza. Ilikuwa mimea mama, ile tunayokatia vipandikizi.

"Hizo zimekufa. Ijumaa nataka meza tupu. Tupa pipani."

"Hazijafa, bosi. Zimelala."

"Una cheti cha bustani?"

"Sina."

"Basi tupa, au na wewe usije Jumatatu."

Msimamizi alisubiri simu ikatike.

"Gari yangu iko na nafasi," akasema.

Ijumaa meza zilikuwa tupu, kama alivyotaka. Fuksia zilikuwa gerejini kwetu Guildford.

"Mwanangu, umeleta kuni?" mama akauliza.

"Maua, mama."

"Haya. Maua."

Kila asubuhi nilikwaruza magome, yote arobaini, mpaka Msimamizi akaniona kwenye video akafoka: "Acha! Utamaliza ngozi yao!" Nikakata kucha.

Septemba, ambapo huku baridi ndiyo inaisha, vichipukizi vilitokea kwenye thelathini na tatu. Saba zilikufa kweli, na sizifichi. Watu waliofungiwa wakaanza kuagiza maua kwa simu, na kitalu hakikuwa na fuksia hata moja. Nikamtumia Meneja picha.

"Zirudishe kimyakimya," akasema.

Nilizirudisha saa nne asubuhi, wafanyakazi wote wakiangalia, kila chungu na kibao nilichoandika kwa mkono: ILITUPWA. Msimamizi alicheka mpaka akakaa chini. Meneja hakucheka. Alinipunguzia zamu, wiki hadi wiki, mpaka nikaaga.

Wadogo zangu mnaoingia kazi hii, nichekeni: nimestaafu kitalu nikiwa na miaka ishirini na sita. Sijuti. Zile thelathini na tatu ziliuzwa vipandikizi vyake msimu mzima.

Zamani nilikuwa naomba radhi kabla sijaulizwa kosa. Siku hizi nasubiri kwanza nionyeshwe.